Glavu Zilizokwenda Baharini

Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili na nusu. Watu wa hapa Malindi kila mmoja ana maelezo yake kabla sijafungua mdomo. Wako wanaosema ni papa. Wako wanaosema ni baruti ya kuvulia samaki. Mpumbavu mmoja alieneza kwamba nilikatwa kwa wizi, kana kwamba hapa tuna kadhi wa kukata mikono. Hakuna hata mmoja aliyekisia mbwa. Na mbwa wenyewe hawana kosa, hakuna aliyewahi kuniuma nikatoka damu. Walionila vidole ni watu watatu, wawili kati yao wamesoma mpaka Ulaya, na wote wazima mpaka leo. Majina sitataja, maana wenye mawakili ni wao. Nitataja kazi zao: daktari wa wanyama, injinia wa mashine, na mwenye boti ya kuvulia watalii. Wakisoma watajijua, kama siku hizi bado wanasoma.

Mimi niliishia darasa la nne. Kabla ya kwenda kwa daktari nilikuwa mshona kofia. Nasema kofia za vito, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo mamia kwa mamia, kila kitundu kimezungushiwa uzi. Mtu asiyejua hudhani kazi iko mkono wa kulia, kwa kuwa ndio unaoshika sindano. Kazi iko kushoto. Kidole cha shahada cha kushoto hukaa chini ya kitambaa, kinaipokea sindano na kuirudisha juu. Macho huchoka, taa huzimika, kidole kile kinajua. Mimi nilikuwa na kidole kinachojua, na wazee wa Mambrui walikuwa wakituma mtu kuniletea kitambaa. Lakini kofia moja inakula miezi mitatu, na miezi mitatu watu hula kila siku. Kwa hiyo mchana nikaenda kushika wanyama.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Daktari alikuwa mtu wetu wa pwani, wa ukoo unaopishwa njiani, kasoma Ulaya, karudi na miwani na kikohozi cha kujisafisha koo kabla ya kusema. Alikuwa amefungua kliniki katika nyumba ya mawe ya zamani, barabara ya Lamu. Ng'ombe wa Kakuyuni walikuja, mbuzi wa Sabaki walikuja, lakini roho yake ilikuwa kwa mbwa na paka wa wageni wa Watamu. Mbuzi alimtibu uani. Mbwa alimtibu sebuleni, na pangaboi juu.

Akaamua anataka eksirei. Mombasa nzima, alituambia, haina daktari wa wanyama mwenye eksirei kama yake. Mashine ikaja kwa lori, masanduku manne ya mbao. Tuliambiwa ni mpya. Mpya, na misumari ya sanduku imeota kutu, na ndani ya droo ya meza yake tukakuta kitana chenye nywele nyeupe. Ilikuwa imetumika kwa watu, huko ilikotoka, mpaka hospitali ikaichoka. Tulivunja fremu ya mlango ili iingie. Daktari alisimama na suruali yake nyeupe akituelekeza kwa kidole: "Taratibu! Hiyo si gunia la nazi!" Wachukuzi walikuwa sita, aliyejua inakwenda wapi alikuwa mimi, na aliyesifiwa jioni ile kwa kuiingiza alikuwa yeye.

Injinia alitoka Mombasa, ametumwa na walioiuza. Alitakiwa akae siku tatu aifunge, aipime, atufundishe. Alikaa siku moja na robo, kwa sababu siku ya pili aligundua Watamu. Katika ile siku moja alifunga nyaya, akaning'iniza lile jicho la mashine juu ya meza, akachovya brashi katika rangi nyekundu ya boti iliyobaki stoo, akapiga mstari sakafuni karibu na mlango.

"Mashine ikiwaka," akasema, "watu wote nyuma ya mstari huu."

"Na mnyama atashikwa na nani?" nikauliza.

Wakanitazama kama kiti kimesema. Injinia akamjibu daktari, si mimi, kwa Kiingereza, huku akionyesha sanduku la mwisho. Ndani mlikuwa na aproni mbili nzito zenye madini ya risasi ndani, zile za kukinga kifua na miale, na jozi moja ya glavu, nene, zinafika karibu na kiwiko. Daktari akaitika "yes, yes." Yule injinia alikuwa na Kiswahili safi. Asubuhi ile ile nilimsikia getini akipunguziwa bei ya madafu, tena kwa utani. Angeweza kunigeuzia uso akaniambia maneno manne tu: vaa hizi ukishika mnyama. Hakuyatoa. Alikuwa na haraka ya kwenda kuogelea.

Aproni moja akaivaa daktari. Ya pili ilikunjwa ikawekwa chini, kuzuia mlango usipigwe na upepo. Glavu zikatundikwa msumarini, nami nikadhani ni za daktari, kwa sababu kila kitu kizuri mle ndani kilikuwa cha daktari.

Nisiseme kwamba sikusaidia. Bafu la zamani tuliligeuza chumba cha giza cha kusafishia picha, na picha za kwanza zote zikatoka zimeyeyuka, zinateleza kama utando wa maziwa. Dawa ile inataka ubaridi, na ubaridi Malindi haujawahi kukaa. Daktari akatukana dawa, akatukana filamu, akamtukana karani wake, dada mmoja mpole aliyekuwa akipiga taipu na kuandika daftari. Mimi ndiye niliyechukua baiskeli nikaenda kwa wauza samaki, nikarudi na gunia la barafu, tukaizungushia ile ndoo ya dawa. Picha ikatoka, kila mfupa mahali pake. Wiki ya pili nikamsikia daktari akimweleza mgeni, "Niliwaza, kwa nini tusitumie barafu ya samaki?" Mwaka mzima picha zake zilinuka samaki kibua, naye akizinusa anatabasamu.

Kazi kubwa ya mashine ilikuwa ndoana. Mbwa wa ufukweni wanakula kila kilichotupwa, na vipande vya chambo vina ndoana ndani. Ilitosha picha moja, pa, kwisha. Lakini mashine ile ilikuwa na kitu kingine, kioo cha kijani cha kutazamia mnyama akiwa hai, mambo yanakwenda ndani yake. Hicho kikawa sinema ya daktari. Wageni walikuja hata kama mbwa ni mzima. Madirisha yanafungwa, wageni wanasimama nyuma ya mstari mwekundu, daktari na aproni yake, na mimi mezani, mkono wa kulia umeshika miguu kwa mbali, wa kushoto umeshika kichwa, chini kabisa ya lile jicho.

"Tazameni moyo unavyodunda! Na huu hapa ni mkono wa mtu wangu. Mnaona? Mfupa wa mtu na mfupa wa mbwa, hamna tofauti!"

Wanacheka. Nami nilikuwa naiona mifupa yangu mwenyewe kwenye kioo, imekumbatia fuvu la mbwa. Dakika tatu, dakika tano. "Mgeuze kidogo. Hapo hapo. Usitoe mkono."

Sasa, mimi ni Mwislamu. Mbwa akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo. Niliweka kopo la udongo mwekundu wa Kakuyuni chini ya bomba la uani, na baada ya kila mbwa ninakwenda. Siku ya mbwa watano, hesabu mwenyewe. Daktari, naye ni Mwislamu kwa jina na kwa kanzu ya Ijumaa, alivaa mipira ya mkononi kisha akanawa kwa spiriti, basi. Akiniona bombani hujisafisha koo. "Kijana wangu, unajisugua kama sufuria." Kijana wake! Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili.

Siku moja akaja mwenye boti na jibwa lake limemeza ndoana. Huyu alikuwa mzungu aliyezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kama chetu ila amekizoea kwa kuamrisha. Anawapeleka watalii kuvua nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki. Akaziona glavu msumarini, akazivaa, akakunja ngumi.

"Daktari, hizi nimezitafuta mpaka Nairobi! Nduaro akifika ubavuni mwa boti lazima mtu amshike mdomo, na ule mdomo unachana ngozi kama msasa."

"Chukua," akasema daktari. "Hapa zinakusanya vumbi."

Ndivyo zilivyotoka. Mimi nilikuwa nimesimama pale, jibwa lake mikononi, mikono mitupu. Jumapili ile daktari alipelekwa baharini bure, na Jumapili nyingi baadaye.

Mwaka wa pili ngozi ya mkono wa kushoto ikaanza kukauka na kung'aa kama karatasi ya mafuta. Kucha zikapata mifereji. Vidonda vidogo vikaja, vikafunga, vikafunguka. Daktari akatazama kwa mbali. "Ni udongo wako huo. Dini haikusema ujichune." Msikitini mzee mmoja akanikwepa bega kwenye safu, na baada ya swala akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Kazi ya najisi haiachi mtu. Acha mbwa, mkono utapona." Wawili hao hawajapata kukubaliana juu ya jambo lolote, lakini juu ya mkono wangu walikubaliana kwamba mwenye kosa ni mimi. Na mpumbavu wa nne katika hadithi hii ni mimi kweli, kwa sababu niliwaamini wote wawili. Nikatupa udongo wa Kakuyuni nikaleta mchanga laini wa ufukweni. Nikaosha zaidi.

Wakati huo nilikuwa nashona kofia ya harusi ya shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Alasiri moja nimekaa barazani nashona, mke wangu akatoka na sinia la mchele, akasimama.

"Bwana. Bwana, damu!"

Kofia ilikuwa na doa jekundu upana wa sarafu. Sindano imeingia kidoleni upande huu imetokea upande wa pili, nami nimeendelea kushona. Sikuhisi kitu. Kidole kinachojua kilikuwa hakijui tena.

"Imekuingia na husikii?"

"Sisikii."

Akaweka sinia chini, akauchukua mkono wangu mapajani mwake, akaitoa sindano mwenyewe. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu, "Kofia nyingine usianze." Nilijua amesema nini. Usiku mtu anaweza kujidanganya, lakini ilikuwa saa kumi ya jua kali na sindano ilikuwa mbele yangu.

Mwezi ule ule mashine ikaharibika, na injinia akarudi. Alikuwa amenenepa. Nilimshikia tochi akifungua nyuma ya mashine, akaona mkono, akaacha spana.

"Umefanya nini mkono huu?"

"Ni udongo, bwana. Naosha baada ya mbwa, mara saba."

"Unaosha mkono mmoja?"

"Yote miwili."

"Basi mbona wa kulia mzima?"

Nikaitazama mikono yangu, mmoja, kisha wa pili. Miaka miwili na zaidi, daktari aliyesoma, mzee wa safu ya kwanza, na mimi mwenyewe niliyeamka nayo kila siku, hakuna aliyeuliza swali hilo. Injinia alikuwa ameshatoka kwenda kwa daktari, na mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na ile aproni.

"Glavu ziko wapi?"

"Zipo," akasema daktari.

"Ziko wapi?"

"Nimemwazima rafiki."

"Huyu anashika bila glavu?"

Daktari akajisafisha koo. "Hakuzitaka. Anasema zinamzuia kunawa."

Nilikuwa sijawahi kuambiwa neno moja juu ya glavu. Injinia naye alijua sijaambiwa, kwa kuwa wa kwanza kutoniambia ni yeye. Alitazama chini. Aliponipita uani akanong'ona, kama anayetoa siri ya serikali, "Zifuate. Usishike tena bila hizo." Maneno yake manne yalikuwa yamefika, yamechelewa vidole viwili na nusu.

Nikaenda gatini alasiri ile ile. Boti zilikuwa zimerudi, nduaro ametundikwa kwenye mzani kichwa chini, mtalii mwekundu kama kamba aliyechemshwa amesimama ubavuni anapigwa picha. Baharia wa ile boti alikuwa amevaa glavu zangu, zimejaa damu na magamba.

"Nimekuja kuchukua glavu," nikamwambia mwenye boti.

"Glavu za nani?"

"Zangu. Za kushikia mbwa."

Akacheka, akawageukia watu wake. "Mnasikia? Mshika mbwa anataka mavazi ya bahari!" Mmoja akadakia, "Mpe na boti, akavue mbwa!" Gati zima likaangua kicheko. Nikauinua mkono wa kushoto, nikaufungua, nikauzungusha wauone mbele na nyuma. Baharia hakungoja ruhusa. Alizivua, akazisuuza baharini, akanipa kwa mikono miwili. "Chukua, kaka. Mimi sikujua." Nilimwamini. Yule ndiye mtu pekee katika mambo haya aliyenirudishia kitu. Mwenye boti alisema, "Mwambie daktari namdai jozi nyingine," kisha akarudi kwenye picha yake.

Glavu zilikuwa zimekakamaa kwa chumvi, zikikunjwa zinalia. Asubuhi injinia alisema lazima zipimwe: zinawekwa juu ya filamu, zinapigwa eksirei, madini ya risasi yakiwa mazima filamu itatoka nyeupe.

"Glavu tupu inatosha," akasema.

"Imekunjamana," akasema daktari. "Tunataka kujua inakinga mkono au haikingi. Atie mkono."

Nikamtazama injinia. Yeye ndiye aliyejua, kuliko sote, mle ndani. Alirudi nyuma ya mstari wake mwekundu, daktari ubavuni mwake, akabonyeza. Nami nilitia mkono. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Nilisafisha picha mwenyewe, kwa barafu yangu. Glavu ilitoka nyeupe kama chokaa, na katikati imepasuka mistari myeusi, mingi, kama ngozi ya kiti iliyokauka juani. Ndani ya kila mstari kulikuwa na kipande cha mfupa wangu. Vidole vitano, vimekatwa vipande na mwanga.

Karani alikuwa na daftari lake, kila filamu lazima iandikwe pembeni: mnyama gani, mwenyewe nani. Akauliza kwa mazoea tu, "Daktari, hii niandike mnyama gani?"

"Andika punda," akasema daktari. "Mwenyewe, andika mimi. Jina kamili."

Wakacheka, injinia naye, mpaka tumbo lake jipya likatikisika. Karani aliandika, uso chini. Daktari akainua picha dirishani. "Si mbaya. Mianya michache. Zivae, kuna mbwa anangoja." Mbwa alikuwa jibwa la mwenye boti. Limemeza ndoana nyingine.

Nikasimama nyuma ya mstari mwekundu. Rangi ilikuwa imefifia mahali pa miguu yao, ilikuwa bado mpya mahali pangu.

"Njoo ushike."

"Injinia alisema watu wote nyuma ya mstari."

"Nimesema njoo ushike!"

"Nimeandikwa punda, Daktari. Punda hana mikono ya kushikia."

Nikaichukua ile filamu mbele yake, nikaikunja kifuani, nikatoka. Nasikia siku ile alilishika jibwa mwenyewe, na aproni, na akaziacha glavu mezani kwa kuwa zinanuka. Kama mkono wake umepata chochote sijui, na sijaomba kujua. Kila nikimwona amevaa kanzu ya mikono mirefu.

Kidonda kilikaa miaka. Kilikuwa kikijifanya kimepona kila Ramadhani. Mwishowe nilipelekwa hospitali ya Mombasa, ikaamuliwa baadhi ya vidole vikatwe, na daktari wa pale, mwanamke mdogo kwangu kwa umri lakini ananiita "mzee wangu" kwa adabu, akauliza kama nina picha yoyote ya zamani ya mkono. Nilikuwa nayo. Mke wangu alikuwa ameiviringisha kwenye kanga.

Akaiweka dirishani. Akafuata mistari kwa ncha ya kalamu, kisha akainama asome pembeni.

"Mzee wangu, hapa pameandikwa punda. Huyu punda mbona ana vidole vitano?"

"Vitazame vizuri," nikasema. "Wiki ijayo mtakata nusu yake."

Hakucheka. Akaniuliza kilichotokea, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, ila kwake nilitaja majina. Nilipomaliza akafungua kalamu, akataka kulifuta lile neno aandike jina langu. Nikamshika mkono, kwa wa kulia.

Nikamwambia aache kama ilivyo. Jina la mwenyewe liko pale chini, kamili, kwa amri yake mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili. Filamu bado ninayo. Dawa ya barafu ilishika vizuri, haijafifia hata herufi moja.